Kisima kina chumvi, diskasi wamebana mapezi: ninunue chujio gani la RO?

Shikamoo mshauri,

Nakuandikia kutoka Kigamboni, Dar es Salaam. Nina tangi la kioo la lita 300 lenye diskasi sita (samaki bapa wa mapambo), wale wa kuzalishwa na wafugaji, si wa kuvuliwa mtoni. Bomba halijafika mtaani kwetu, kwa hiyo tunatumia kisima kirefu. Maji yanapandishwa kwenye simtanki la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa mita 4, kisha yanashuka ndani kwa uzito wake. Ni maji ya chumvi: sabuni haitoi povu vizuri na birika limejaa ukoko mweupe.

Samaki wamekuwa weusi, wamebana mapezi, wanajificha nyuma ya gogo. Chakula wanakionja na kukitema. Nimepima maji ya tangi: amonia 0, naitraiti 0, naitreti 20, pH 7.9, GH (ugumu wa maji) 22, KH (kinachozuia pH isianguke) 14, joto nyuzi 29. Mita ya TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, inasoma 1,450, na maji ya kisima yakitoka moja kwa moja yanasoma vivyo hivyo. Kila wiki nabadilisha theluthi ya maji.

Nimeambiwa dawa ni chujio la RO, lile la kuondoa chumvi kwenye maji. Madukani nimeonyeshwa aina tatu. La kwanza ni la jikoni, hatua sita, membreni (ngozi ya kuzuia chumvi) ya galoni 75 kwa siku, lina pampu ya umeme, hatua ya mwisho ya kuongeza madini, na tangi dogo la chuma la kutunzia maji. La pili muuzaji analiita la akwaria hasa: hatua nne, membreni ya galoni 100, rezini (chembe za kunasa chumvi iliyobaki) mwishoni, halina pampu wala halitumii umeme. La tatu ni la kisasa, galoni 600, halina tangi, linatupa maji machache, na bei yake ni karibu mara tatu ya la kwanza.

Nichukue lipi? Je, hatua zikiwa nyingi ndiyo maji yanakuwa safi zaidi? Pia nina tangi la pili la lita 120 lenye samaki wa Ziwa Tanganyika walioletwa kutoka Kigoma. Nao niwape maji hayohayo? Naomba vipimo kamili, maana nikikosea sina hela ya kununua mara ya pili.

Mfugaji wa Kigamboni

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya jambo ambalo wengi hulisahau, umepima kabla ya kununua, na namba zako zinatosha kukupa jibu lililonyooka. Chukua la kwanza, la jikoni, kwa sababu lina pampu. Hatua ya madini iondoe, na lile tangi la chuma usilifunge kabisa. La pili, hata kama limeandikwa akwaria kwa herufi kubwa, kwa maji yako na mnara wako halitakupa maji.

Hapo kwenye presha ndipo hela za watu wengi zinapopotea, kwa hiyo tuanzie hapo. Membreni ya RO haichuji kama kitambaa. Maji husukumwa kwa nguvu yapenye kwenye ngozi nyembamba sana, na chumvi inabaki upande wa pili. Chumvi nayo ina nguvu yake ya kuvuta maji yarudi kwake, na lazima uishinde nguvu hiyo kwanza ndipo tone la kwanza litoke. Kwa maji ya chumvi kama yako, weka takriban psi 11 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila TDS 1,000. Kwa TDS 1,450 ni kama psi 16. Sasa angalia mnara. Simtanki likijaa, uso wa maji uko kama mita 5 juu ya ardhi. Chujio ukilitundika mita 1 kutoka sakafuni, unabakiwa na mita 4 za maji, na kila mita inatoa psi 1.4 tu. Jumla psi 6 hivi. Unasukuma kwa 6 kitu kinachorudisha kwa 16. Ungefunga chujio la pili, ungeona maji yanatiririka vizuri kwenye mrija wa kutupa, na mrija wa maji safi ukikaa mkavu au ukidondosha kidogo sana. Kisha fundi angekwambia membreni ni mbovu, ukanunua nyingine, na hali ingekuwa ileile.

Galoni zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa presha ya psi 50, joto nyuzi 25 na maji yenye TDS kama 250. Galoni 75 za Marekani ni lita 284 kwa siku, yaani karibu lita 12 kwa saa. Pampu ya jikoni ikisukuma psi 70, ukitoa ile inayoliwa na chumvi unabakiwa na kama psi 50, na maji yako yana joto zaidi ya nyuzi 25, jambo linaloongeza mtiririko kwa takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo wewe utapata lita 12 kwa saa, pengine 13. Kwa tangi la lita 300 zinatosha na kubaki.

Usivutiwe na membreni ya galoni 100. Kwenye maji ya chumvi kinachohitajika kwanza ni asilimia ya chumvi inayozuiwa, kasi inafuata. Membreni nzuri ya galoni 75 huandikwa asilimia 98. Za galoni 100 mara nyingi huwa chini ya hapo, nyingine hufika 90 tu. Mtu mwenye maji ya TDS 150 hataona tofauti kubwa. Wewe utaiona: asilimia 98 inakuachia TDS 29, asilimia 90 inakuachia 145. Sema dukani unataka ile ya 98, na isome namba kwenye karatasi ya membreni yenyewe, si kwenye boksi la mashine.

Chujio la tatu ni mashine nzuri kwa maji mengine. Linasifiwa kwa kutupa maji machache, na hapo ndipo tatizo lilipo kwako. Maji ya kutupwa ndiyo yanayosomba chumvi na chokaa kutoka kwenye membreni. GH 22 ni maji magumu sana, na ukiyabana mno chokaa inaganda juu ya membreni kama ule ukoko wa birika lako. Kwa kisima chako usishuke chini ya lita 3 za kutupwa kwa lita 1 safi. Zaidi ya hayo, katriji za mashine nyingi za namna hiyo ni za umbo lake pekee, huwezi kuzipata kila duka. Zile za jikoni za inchi 10 zinapatikana mahali pengi.

Sasa swali la hatua. Hatua sita hazimaanishi usafi mara sita. Kazi ya kuondoa chumvi inafanywa na membreni peke yake. Katriji ya kwanza, ile nyeupe ya mikroni 5, inazuia mchanga na tope. Mbili za mkaa zinaondoa klorini na harufu, na klorini ndiyo inayoichana membreni. Kisima chako hakina klorini mpaka siku mtakapoitia dawa au siku bomba litakapofika, lakini mkaa usiutoe. Baada ya membreni kuna kikatriji kidogo cha mkaa cha kuboresha ladha, ambacho samaki hawakihitaji, na mwisho ile ya madini, ambayo inapandisha pH na TDS kwa kiasi usichokitawala. Chomoa zote mbili. Mrija wa maji safi utoke kwenye membreni moja kwa moja.

Rezini je? Kwa diskasi ni kutupa hela. Rezini inamaliza chumvi ndogo iliyobaki mpaka mita isome 0, na mwenye tangi la maji ya bahari na matumbawe anaihitaji kwa sababu fosfeti na silika kidogo tu humjazia mwani. Wewe utapata TDS kati ya 30 na 60 bila rezini, na bado utarudisha madini kidogo ndani ya maji hayohayo. Tena kwa TDS 50 katriji ya inchi 10 ya rezini ingeisha baada ya lita mia chache tu.

Tangi la chuma la kunywea nimesema usilifunge. Ndani yake kuna puto la hewa linalosukuma maji yafike kwenye koki. Kadiri linavyojaa ndivyo linavyoisukuma membreni kwa nyuma, mtiririko unapungua na chumvi inayopita inaongezeka. Nunua pipa la plastiki la lita 100 au 120 lenye mfuniko, lililokuwa na chakula, si kemikali. Weka koki ya boya ya mrija wa robo inchi ndani yake, karibu na juu. Pipa likijaa, boya linafunga, presha inapanda, na swichi ya presha kubwa iliyo kwenye mashine inazima pampu. Juu kidogo ya boya toboa tundu la nusu inchi, upachike mrija wa kupeleka nje maji ya ziada. Boya likikwama usiku, utaamka na ua lililolowa badala ya sebule iliyofurika.

Kwenye kufunga kuna kikwazo kimoja mahsusi kwa nyumba za simtanki. Mashine za jikoni zina swichi ya presha ndogo inayozuia pampu isizunguke bila maji. Zimetengenezewa maji ya bomba, na psi 6 zako zikishapita kwenye katriji tatu zinaweza zisitoshe kuiwasha. Mashine inakaa kimya au inawaka na kuzima kila sekunde chache. Mafundi wengi huiunganisha nyaya ikae imewashwa daima. Siku simtanki litakapokauka pampu itaungua. Badala yake fanya hivi: tundika mashine chini kabisa, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, leta maji kwa bomba la nusu inchi mpaka karibu na mashine ndipo upunguze kwenda robo inchi, na omba swichi ya presha ndogo ya kutumia na tangi la juu. Ikikosekana, ruka ile ya mashine lakini weka swichi ya boya ndani ya simtanki yenye kukata umeme wa pampu maji yakishuka chini ya robo. Pampu yenyewe ni ya volti 24 na inakula wati 30 hivi, kwa hiyo Luku haitaumia.

Ongeza vitu viwili ambavyo boksi pengine halina: geji ya presha kati ya pampu na membreni, na sehemu ya kuchotea sampuli kwenye mrija wa maji safi. Bila geji utakuwa unakisia. Hakikisha pia pampu imeandikwa inalingana na membreni ya galoni 75. Ikiwa ndogo, geji haitapanda.

Siku ya kwanza usiweke membreni. Fungua maji yapite kwenye katriji nyeupe na za mkaa na kumwagika nje mpaka weusi wa unga wa mkaa uishe, kama dakika 10. Vumbi lile likiingia kwenye membreni halitoki. Kisha nawa mikono, toa membreni kwenye mfuko wake na uiangalie vizuri. Upande mmoja una bomba jembamba lenye vipete viwili vyeusi vya mpira, upande mwingine una mkanda mpana wa mpira unaozunguka mwili wote. Vile vipete viwili ndivyo vinavyotangulia ndani ya ganda. Vilainishe kwa grisi ya silikoni ya chakula, si vaselini, kwa sababu mafuta ya petroli huvimbisha mpira. Sukuma polepole huku ukizungusha. Utahisi inagoma, sukuma tena mpaka uhisi imezama na imekaa. Wengi huishia pale ilipogoma. Hapo maji ya kisima hupita pembeni ya vipete na kuchanganyika na maji safi, mita inasoma 600 au 800, na lawama inaenda kwa muuzaji.

Membreni mpya ina dawa ya kuihifadhi. Maji ya saa mbili za kwanza yamwage. Baada ya hapo chukua jagi lenye alama, kusanya maji safi kwa dakika moja na maji ya kutupwa kwa dakika moja. Unatafuta karibu mililita 200 za safi na 600 au zaidi za kutupwa. Ikiwa za kutupwa ni 300 au 400, kibanio kilichomo kwenye mrija huo ni kidogo mno kwa maji magumu. Mwombe muuzaji kikubwa zaidi, au kile cha kurekebisha kwa mkono. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na membreni.

Kila unapowasha mashine iliyolala, maji ya dakika tano za mwanzo yapeleke nje. Mashine ikizima, chumvi hupenya polepole kwenda upande safi, na ukichota hapohapo unaweza kusoma 200 kabla haijashuka. Kwa sababu hiyo usiliache boya likiwasha pampu kila pipa linapopungua nusu lita. Funga koki, tumia pipa mpaka karibu liishe, kisha lijaze kwa mkupuo mmoja.

Sasa kuhusu samaki wenyewe. Maji ya RO matupu usiwape. Hayana KH, na KH ndiyo inayoshikilia pH isianguke. Asidi inayozalishwa na kinyesi chao inaweza kuporomosha pH kwa usiku mmoja. Njia rahisi kwako ni kuchanganya: sehemu 4 za RO na sehemu 1 ya kisima. Ukichukulia RO inasoma 45, mchanganyiko utasoma kama 325, GH zaidi kidogo ya 4, KH karibu 3. Sehemu kubwa ya TDS hiyo itakuwa chumvi ya kawaida ya kisima, lakini kwa kiasi hicho haiwadhuru diskasi wakubwa wa kufugwa. Baada ya kuchanganya weka jiwe la hewa kwenye pipa kwa saa chache, kwani gesi ya kaboni dayoksaidi hupita kwenye membreni na kufanya pH ya mwanzo isome chini kuliko ilivyo.

Ukitaka kuzalisha, hapo acha kisima kabisa. Mayai hayapendi maji magumu. Kwa lita 100 za RO tia gramu 8 za kalsiamu kloraidi ya daraja la chakula, gramu 4.4 za chumvi ya Epsom na gramu 6 za baking soda. Utapata GH 4 na KH 2, na mita itasoma mia na kitu. Pima kwa mizani ya dhahabu au ya dawa, si kwa kijiko. Yeyusha kila moja peke yake kwenye jagi la maji ya RO, maana kalsiamu na baking soda zikikutana zikiwa nzito maji yanageuka maziwa na chokaa inatua chini bila faida.

Hata ukiwa na maji mazuri kiasi gani, usiyamimine kwa haraka. Samaki aliyezoea 1,450 ukimhamishia ghafla kwenye 325, maji yanaingia mwilini mwake kwa kasi asiyoiweza. Badilisha lita 40 kila baada ya siku moja: lita 32 za RO na lita 8 za kisima. Baada ya mara saba, yaani wiki mbili, tangi litasoma karibu 740. Baada ya mara kumi na nne litasoma karibu 480. Kuanzia hapo endelea na ratiba yako ya kawaida. Maji yanayopungua kwa mvuke yafidie kwa RO tupu, kwa sababu mvuke hauchukui chumvi, na ukifidia kwa mchanganyiko TDS itakuwa inapanda kila wiki bila wewe kuelewa kwa nini.

Wakati huohuo angalia kinyesi cha samaki. Kikiwa cheupe na chenye kuning'inia kama uzi, kuna uwezekano mkubwa wa vimelea vya tumboni, na kutema chakula kunaendana na hilo. RO haiwatibu. Chumvi ya kisima inachosha diskasi na kuwafanya weusi, lakini nisingependa ufunge mashine, usubiri mwezi, na ugonjwa uwe unaendelea ndani.

Matunzo hayana mengi. Katriji nyeupe badilisha kila miezi miwili au mitatu, au mara inapokuwa na rangi ya udongo. Ikiwa chini ya simtanki kuna tope jekundu, hiyo ni chuma, adui mkubwa wa membreni. Chota juu ya tope, osha simtanki mara mbili kwa mwaka, na ile katriji ibadilishe kila mwezi. Mkaa miezi sita. Membreni haina tarehe, ina namba: kwa kisima chako, RO ikizidi TDS 145 baada ya dakika tano za kumwaga, imechoka. Kabla ya kuitupa soma dalili. Geji iko chini ya 50 na mtiririko ni mdogo: katriji zimeziba au pampu imechoka, membreni haina kosa. Geji iko juu lakini maji safi ni machache na ya kutupwa yako sawa: membreni imejaa chokaa. Maji ya kutupwa yamekuwa kama uzi: kibanio kimeziba. Maji safi yameongezeka kuliko siku zote na TDS imepanda pamoja nayo: vipete vimehama au membreni imechanika.

Mambo mawili ambayo hayaonekani kwa mita. Baada ya RO usitumie koki wala viunganishi vya shaba. Maji haya yana njaa ya madini, yanailamba shaba na kuipeleka kwa samaki. Plastiki tu. Na bomba linalotoka kwenye mnara lisipite juani: membreni nyingi zina kikomo cha nyuzi 45, na mrija mweusi uliolala juu ya saruji adhuhuri unaweza kukaribia hapo. Endesha mashine alfajiri au usiku.

Samaki wako wa Kigoma waache na kisima. Ziwa Tanganyika lina maji ya alkali, pH inazunguka 9, na KH yake ni kubwa kuliko hiyo yako. Maji laini ya diskasi yangewaumiza. Kasoro ya kisima kwao ni chumvi ya kawaida iliyozidi, kwani ziwa lao lina zaidi bikaboneti. Ukipenda kuwasogezea kwao, changanya nusu RO na nusu kisima, utapata GH 11 na KH 7, kisha ongeza baking soda gramu 24 kwa kila lita 100 ili KH ifike 15. Nao wapeleke polepole, wiki tatu hivi.

Katika kipindi hicho cha kubadilisha polepole utahitaji kama lita 112 za RO kwa wiki kwa tangi la diskasi, na lita 340 zitatupwa. Hizo zitasoma karibu 1,900, kwa hiyo usimwagilie mchicha wala nyanya. Zikusanye kwenye pipa la pili kwa ajili ya choo na kudeki. Mnazi ukiwepo uani, unazivumilia. Msimu wa masika pia tega maji ya mvua kutoka kwenye mabati yasiyo na rangi inayobanduka, ukiacha mvua ya kwanza isafishe paa: mita ikisoma chini ya 30, ni sawa na RO, unayachanganya kwa vipimo vilevile, na membreni inapumzika.